Saa 48 za Kutoa Filamu: Majaji Wanaangalia Nini, na Kwa Nini Simu ya Sumbawanga Inaweza Kuipiga Kamera ya Dar

Watu wengi wakisikia kuna shindano la kutengeneza filamu fupi ndani ya saa 48, swali la kwanza huwa kamera. "Hao wana kamera gani?" Ndo maana vijana wa mikoani wanakata tamaa mapema. Dogo wa Sumbawanga mwenye simu yake na laptop ya kuazima anaona hayo ni mambo ya Dar na Nairobi, yeye abaki kushuti harusi za Mazwi na kurusha klipu fupi mtandaoni. Kumbe ukizifungua kanuni za mashindano haya ukaangalia alama zinavyogawiwa, kamera iko mbali sana kwenye foleni. Na ukiifuata historia yake unaona kabisa kwa nini waliipeleka huko nyuma.

Anza na Sydney, Australia, mwaka 1993. Mwigizaji mmoja anaitwa John Polson alionesha filamu yake fupi kwenye mkahawa wa Tropicana, watu wakajaa. Hapo ndipo lilipozaliwa tamasha la Tropfest. Tamasha lolote la filamu fupi lina ugonjwa mmoja: mtu anafukua kazi yake ya zamani, anaifuta vumbi, anaileta kama mpya. Dawa yao ilikuwa rahisi mpaka inachekesha. Mwaka 1994 kila filamu ililazimika kuwa na keki ndogo ya muffin ndani yake. Mwaka uliofuata ikawa punje ya kahawa, 1996 kijiko cha chai. Kama kijiko hakimo, filamu yako haikutengenezwa kwa ajili ya tamasha hili, kwaheri. Kale kakijiko kalikuwa polisi.

New York nao 1995 wakaja na kitu chao upande wa jukwaa: waandishi wanakesha usiku mmoja kuandika tamthilia, kesho yake waigizaji wanafanya mazoezi, jioni watu wanalipa kiingilio na kuangalia. Saa 24, imeisha. London mwaka 1999 likaanza shindano la straight 8, hilo ndo la wenye roho ngumu: unapewa mkanda mmoja tu wa Super 8 wenye kama dakika 3 na sekunde 20, hakuna kuhariri, unachopiga ndicho hicho hicho, na wewe mwenyewe uliyeitengeneza huioni mpaka siku inaoneshwa mbele ya umati. Fikiria presha hiyo.

Halafu ikaja Mei 2001, Washington, Marekani. Jamaa anaitwa Mark Ruppert, akichochewa na ile tamthilia ya saa 24, akamshirikisha mwenzake Liz Langston na watu wao wengine wa filamu. Swali lao lilikuwa la kibishi tu: hivi mtu anaweza kutengeneza filamu ndani ya saa 48 na ikaangalika? Zikajitokeza timu kama dazeni moja hivi. Ikaangalika. Ndipo likazaliwa 48 Hour Film Project, ambalo leo linafanyika kwenye miji ya mabara mbalimbali, na kila mwaka filamu zilizoshinda kwenye miji zinakutanishwa kwenye fainali inayoitwa Filmapalooza. Fainali hiyo imeshapita Paris 2018, Rotterdam 2020, Lisbon 2024. Chache zilizo bora zaidi zinapata nafasi ya kuoneshwa Cannes, upande wa filamu fupi. New Zealand nao wakaanza la kwao mwaka 2003.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ijumaa saa 1 jioni timu zinakutana. Kila timu inachota kikaratasi chenye aina ya filamu: vichekesho, mapenzi, upelelezi, ya kutisha, muziki, na kadhalika. Kisha timu zote za mji huo zinapewa vitu vitatu vinavyofanana: mhusika mwenye jina na kazi yake, kifaa kimoja, na sentensi moja ambayo lazima mtu aitamke neno kwa neno. Jumapili saa 1:30 usiku filamu iwe mezani, ina dakika 4 hadi 7 bila kuhesabu majina ya mwisho. Kabla ya Ijumaa unaruhusiwa kutafuta watu, vifaa na sehemu za kushutia. Kuandika hadithi au kupiga hata picha moja, hapana. Na wote wanafanya kwa kujitolea, hakuna kumlipa staa aje akubebe.

Sasa alama. Hapa soma taratibu mtu wangu. Majaji wa 48 Hour Film Project wanatoa asilimia 45 kwa sanaa yenyewe, yaani hadithi, ubunifu, na kama filamu inamshika mtazamaji. Asilimia 30 ni ufundi: picha, sauti, uhariri. Asilimia 25 zilizobaki ni utii wa kazi uliyopewa: umeitendea haki ile aina uliyochota? Mhusika, kifaa na sentensi vimekaa kwenye hadithi, au umevibandika tu kama stika ya bodaboda?

Chukua mfano wa kubuni. Timu ya mjini ina kamera ya mamilioni, taa, na ndege ndogo ya kupigia picha angani. Majaji wanaipa 28 kati ya 30 za ufundi. Lakini hadithi yao imeokotwa, wanapata 22 kati ya 45, na kwenye utii 20 kati ya 25. Jumla 70. Timu ya pili ina simu tu, ufundi wanapata 17. Hadithi yao inachoma, 38. Utii 22. Jumla 77. Imeisha hiyo. Tofauti ya alama 11 kwenye ufundi, ambayo ingegharimu mamilioni kuifuta, imefunikwa na hadithi iliyoandikwa kwenye daftari usiku wa Ijumaa.

Hii haina maana ufundi ni wa kudharau. Kitu kinachowaua wengi wenye simu ni sauti, wala sio picha. Jaji anasamehe picha yenye chengachenga akiamini ni mtindo, lakini mazungumzo yasiyosikika hana cha kuyafanyia. Na uwanda wa Ufipa, hasa Juni mpaka Agosti, una upepo wa baridi unaoingia kwenye maiki ya simu kama lori linapita. Ukishutia mlimani kuelekea Mbizi bila kuifunika maiki hata kwa kipande cha sweta, umeshatupa alama kabla hujaanza kuhariri. Simu ya pili iliyowekwa mfukoni mwa mwigizaji ikirekodi sauti peke yake inafanya maajabu, na haiongezi hata shilingi kwenye bajeti.

Jua nalo lina hesabu yake. Sumbawanga iko magharibi mno kuliko Dar, kwa hiyo jua linazama kama nusu saa baadaye, na asubuhi linachelewa vilevile. Anayefuata ratiba ya video za mafunzo za watu wa Dar, anayepanga kuanza kushuti saa 12 kamili asubuhi, atasimama gizani anatetemeka na waigizaji wake wamenuna.

Turudi kwenye zile 45, maana ndo zinabeba kesi yote. Kiukweli Bongo Movie haijawahi kuwa na shida ya spidi. Tangu enzi za Girlfriend ya 2003 na mafuriko ya DVD yaliyofuata, watu wetu wanajua kushuti filamu nzima kwa siku chache, nyumba moja, magari mawili ya kuazima. Hilo la haraka tunaliweza kuliko Wamarekani. Kinachotushinda ni ufupi. Soko la DVD lilifundisha kurefusha: mtu anashuka kwenye gari dakika nzima, anafungua geti, anapanda ngazi, anaingia sebuleni, salamu, juisi, halafu Part 2. Biashara iliidai hiyo. Lakini ukiwa na dakika 7, juisi ikinywewa dakika moja umeshakula sehemu ya saba ya filamu. Jaji anayeangalia filamu kumi mfululizo hana huruma na geti.

Wakati huohuo Watanzania wana shule nyingine ya kuhukumu filamu ambayo haipo kwenye kanuni yoyote: kibanda umiza. Mtu aliyekulia kwenye mabenchi ya kibanda, na sauti za watafsiri kama Lufufu kichwani, anajua filamu inapokufa. Watu wanaanza kupiga stori, mmoja anatoka kununua karanga. Hakuna fomu ya alama inayosema ukweli kama huo. Na mashindano haya yanaliheshimu hilo kwa namna yake, kwa sababu kuna tuzo ya watazamaji inayohesabiwa kivyake, mbali na ya majaji. Mara nyingi hawakubaliani. New Zealand walienda mbali zaidi: mwongozaji Peter Jackson, yule wa The Lord of the Rings, alikuwa anapitia filamu zilizoachwa na majaji wa miji na kuziingiza baadhi kwenye fainali. Yaani hata waandaaji wanakubali jaji anaweza kuchemka.

Sasa Sumbawanga ina mtego wake wa pekee, na unakaa palepale kwenye ubunifu.

Piga picha timu ya watu sita imechota kikaratasi, ikakuta "filamu ya kutisha". Dakika ya pili tu mmoja ataropoka: uchawi! Radi! Babu mwenye ungo! Ni kawaida. Nchi nzima imeshazoea kulitania hili jina. Mtu akikudai hela kwa muda mrefu anakwambia "nitaenda Sumbawanga", wote mnacheka. Ajabu ni kwamba jina lenyewe, kwa maelezo ya Wafipa wenyewe, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya tupa uchawi. Mji unaowaambia wageni waache uchawi wao nje ndio umepakwa rangi ya uchawi. Ukiingia kwenye vichekesho vya mitandaoni au kwenye filamu za kitambo, Mfipa hutokea mara nyingi akiwa mganga.

Kwa jaji, wazo la kwanza ni wazo la kila mtu. Ile sentensi moja na kile kifaa kimoja vimepewa timu zote, kwa hiyo ndani ya jioni moja anaona mwavuli uleule mara kumi na tano. Anachowinda ni timu iliyoupeleka mwavuli mahali ambapo wengine hawakufika. Timu ya Sumbawanga ikileta mganga, inapoteza mara mbili: imetoa wazo la kwanza, na imeyaambia macho ya nje kile kile ambacho tayari yalikuwa yanakiamini. Alama za ubunifu zinakwenda na maji, na jina la nyumbani linachafuka tena, safari hii kwa mikono ya wenyewe.

Wakati uwanda umejaa vitu ambavyo hakuna timu ya Dar inayoweza kuvigusa. Kuna malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine yakifika kama mita 3, ambayo Wafipa waliyaendesha bila kuvukuta: hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Mabaki yake bado yamesimama sehemu mbalimbali za Ufipa. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilishaandika kuhusu ufuaji huo. Kuna maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Kuna barabara za kushuka kutoka juu kwenye baridi mpaka bonde la Ziwa Rukwa, ambako ndani ya muda mfupi unavua koti na kutafuta maji ya kunywa. Filamu ya kutisha kuhusu tanuru ambalo halikubali kuzimika, hebu mwambie jaji wa Lisbon ameshaiona wapi.

Tatizo linabaki: ni nani amekaa kwenye kiti cha jaji? Hili swali ni la zamani hapa kwetu kuliko Bongo Movie. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu uitwao Bantu Educational Kinema Experiment, kituo chao kikiwa Vugiri, upande wa Korogwe. Walitengeneza filamu 35, wakazunguka na lori lenye mashine ya kuoneshea Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakifuatilia watazamaji wanavyozipokea. Juu juu inaonekana kama kura ya watazamaji. Lakini aliyekaa kwenye benchi hakuwa na karatasi ya kupigia kura. Majibu yake yaliandikwa na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, na hitimisho likatolewa mbali na pale alipokaa.

Mambo yamebadilika sana. Zanzibar wana tamasha lao la kimataifa, ZIFF, tangu 1998, na tuzo ya Jahazi la Dhahabu inayogombewa Ngome Kongwe. Bodi ya Filamu nayo ilianzisha Tuzo za Filamu Tanzania mwaka 2021, na sherehe ya kwanza haikufanyika Dar. Ilifanyika Mbeya, Desemba. Kwa mtu wa Sumbawanga hiyo ni safari ya basi ya siku moja kupitia Laela na Tunduma, ndo jirani kabisa.

Ila kwenye mashindano ya saa 48 yanayopeleka washindi nje, lugha inakuwa jaji wa kimyakimya. Filamu ya Kiswahili inahitaji maandishi ya Kiingereza chini, na yakiwa mabovu, zile 45 za hadithi zinaporomoka bila mtu kuona kosa liko wapi. Mzee wa Kifipa anamsalimia mkwewe kwa heshima na kwa kuzungukazunguka, utani umejaa ndani, halafu chini inaandikwa "Hello". Jaji wa mbali ameona wazee wawili wanasalimiana kwa muda mrefu bila sababu. Timu nyingi zinaacha kazi hii mpaka Jumapili jioni, inafanywa na yeyote aliyebaki macho. Huyo mtu alitakiwa apangwe Ijumaa, na awe ndiye mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote, hata kama ndiye mwenye sura ya kuigiza.

Kuna na la serikali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kushuti, na kibali hakijui habari za saa 48. Kwa kuwa kanuni zinaruhusu kutafuta sehemu za kushutia mapema, ofisi ya utamaduni inatembelewa wiki kadhaa kabla, sio Jumamosi asubuhi wakati mgambo ameshasimama mbele ya lenzi.

Na mwisho wa yote kuna saa ya ukutani, jaji asiyebembelezeka. Filamu iliyochelewa bado inaoneshwa ukumbini, watu wanapiga makofi, lakini kwenye kinyang'anyiro cha filamu bora haimo. Timu iliyosahau kifaa au ikaikosea ile sentensi inaweza kukumbana na hayohayo. Hapa Sumbawanga inahitaji ujanja wake. Kwa miaka mingi mji umekuwa ukipata umeme kutoka Zambia badala ya gridi ya taifa, na kila mkazi anajua kukatika kwake. Laptop yenye betri iliyokufa, inayoishi kwa waya tu, ikizima wakati inatoa filamu nzima kuwa faili moja, kazi inaanza upya kutoka sifuri. Faili lenyewe la dakika 6 likiwa na ubora mzuri linaweza kufika GB 1, na kulipandisha kwa bando la simu Jumapili jioni, mji mzima ukiwa mtandaoni, ni habari nyingine kabisa.

Timu zenye uzoefu zinafunga uhariri Jumapili saa 8 mchana. Wanatoa nakala ya kwanza hata kama rangi haijakaa sawa, wanaiweka kwenye flashi mbili, flashi moja anakaa nayo mtu ambaye hahariri chochote. Hapo ndo wanarudi kurekebisha. Ikifika saa 12 jioni na marekebisho hayajaisha, inapelekwa ile ya saa 8.